Ukiambiwa "zingatia diet", umeambiwa nini hasa?

Kama umewahi kupimwa sukari au presha kwenye zahanati, huenda ulirudi nyumbani na maneno haya: "Mzee, zingatia diet." Kama una binti aliyeko mjini, huenda amewahi kukuambia kwenye simu kwamba siku hizi hali wali usiku kwa sababu yuko kwenye diet. Na ukifungua daftari la mtoto anayesoma sekondari, utakuta ameandika "balanced diet" na kuchora sahani yenye rangi nyingi.

Neno ni moja, na wengi wetu tunalitamka "dayati". Lakini watu hawa watatu hawazungumzii kitu kimoja. Wa kwanza anaambiwa apange chakula chake. Wa pili anajinyima ili apungue mwili. Wa tatu anajifunza chakula kinachoupa mwili kila unachohitaji. Anayelisikia neno hili kwa mmoja akalipeleka kwa mwingine anaweza kupotea, na kwenye mambo ya afya kupotea kuna gharama.

"Ni kula au ni kutokula?"

Tumeamua kuandika makala hii baada ya kupokea ujumbe wa msikilizaji wetu mmoja, mama wa makamo. Alieleza kwamba mumewe alipimwa akakutwa na kisukari, akapewa vidonge, akaambiwa azingatie diet. Mzee akaelewa kwamba hatakiwi kula. Akawa anameza vidonge asubuhi, anakunywa chai ya rangi isiyo na sukari, kisha anakwenda shamba mpaka jioni.

Siku ya nne alikutwa amekaa chini ya mti, anatetemeka, jasho linamtiririka na maneno yake hayaeleweki. Waliomkuta walidhani amelewa. Bahati nzuri alikuwepo kijana mwenye pikipiki, akafikishwa kituo cha afya akiwa bado ana fahamu, akasaidiwa. Mama alimaliza ujumbe wake kwa swali: "Sasa hiyo diet ni kula au ni kutokula?"

Jibu fupi ni kwamba diet ni kula. Jibu refu ndilo tunalolieleza hapa chini. Soma taratibu, na kama nyumbani kuna asiyeweza kusoma, msomee.

Neno lilikotoka

Waingereza walilipata neno hili kupitia Kifaransa cha zamani na Kilatini, lakini asili yake ni Kigiriki. Wagiriki wa kale walisema "diaita", maana yake namna ya kuishi. Matabibu wao, wakiwemo waliofuata mafundisho ya Hippocrates zaidi ya miaka 2300 iliyopita, walipozungumzia diaita ya mgonjwa walihesabu chakula, kinywaji, usingizi, kuoga na mazoezi ya mwili. Yote hayo yalikuwa neno moja.

Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili halikuwa na maana ya njaa. Lilikuwa linauliza: mtu huyu anaishi vipi, na anakula nini siku kwa siku? Maana ya kujinyima ilikuja kukua baadaye.

Na kwa wale wanaofuatilia habari za dunia kwa Kiingereza, msishangae mkisikia "the Diet" ikipitisha sheria huko Japani. Hapo halizungumziwi suala la chakula. Ndiyo namna Kiingereza kinavyoliita Bunge la Japani, ambalo Wajapani wenyewe huliita Kokkai.

Maana tatu za neno moja

Maana ya kwanza ni chakula ambacho mtu, jamii au hata mnyama amezoea kula. Kwa maana hii kila mtu ana diet, hata kama hajawahi kulisikia neno lenyewe. Mkulima anayekula ugali wa mtama kwa mlenda na maharage siku nyingi za wiki, hiyo ndiyo diet yake. Mbuzi naye ana diet yake, majani na magome. Kitabu cha shule kikiandika kwamba diet ya watu wa eneo fulani ni mahindi na samaki, hakisemi kwamba watu hao wanajinyima. Kinasema hicho ndicho wanachokula.

Maana ya pili ni chakula kilichopangwa kwa sababu maalumu, hasa ugonjwa. Mgonjwa wa figo ana mpangilio wake, mwenye kisukari ana wake, mwenye vidonda vya tumbo ana wake. Hapa kuna vya kupunguza, vya kuongeza, na muda wa kula.

Maana ya tatu ni kupunguza chakula kwa muda ili kupungua uzito. Hii ndiyo ya binti wa mjini.

Wenye lugha yao hutenganisha maana hizi kwa maneno madogo yanayozunguka neno kubwa. Ukimwambia Mwingereza "I have a good diet", ataelewa kwamba unakula vizuri, chakula chenye afya. Ukimwambia "I am on a diet", ataelewa kwamba umejiwekea masharti, na mara nyingi atadhani unataka kupungua. Neno dogo "on" limebadilisha habari yote. Wanafunzi mnaotusoma, shikeni tofauti hiyo, itawasaidia kwenye mtihani na nje ya mtihani.

Sisi tulipolichukua neno hili, tulilichukua peke yake na maneno yale madogo tukayaacha huko huko. Na maana iliyotufikia kwa kishindo ni ya tatu, kupitia filamu, majarida na mitandao ya simu. Ndiyo maana mtaani tunasema "anafanya diet" tukimaanisha anajinyima. Daktari kwa kawaida anatumia maana ya kwanza au ya pili. Anaposema "zingatia diet", yeye anamaanisha "angalia unachokula", lakini mgonjwa anasikia "acha kula".

Kiswahili kina maneno ya kutosha

Kwa Kiswahili tunaweza kuyasema yote haya bila kuchanganyana.

"Ulaji" ni namna mtu anavyokula siku zote. Neno hili ndilo linalokaribia zaidi diet ya maana ya kwanza. Mtu akisema "ulaji wako si mzuri", hajakwambia uache kula.

"Mlo" ni chakula cha wakati mmoja: mlo wa asubuhi, wa mchana, wa jioni. "Mlo kamili" ndio "balanced diet" ya daftari la mwanafunzi.

"Lishe" imetokana na kulisha, na inaangalia chakula kinaupa mwili nini. Mtu anaweza kushiba kabisa na bado akakosa lishe. Mtoto anayekula ugali kwa chai kila siku tumbo linajaa, lakini mwili wake unadai.

"Masharti ya chakula" ndiyo diet ya maana ya pili. Neno hili wazee wanalielewa vizuri, kwa sababu hata mganga wa jadi akitoa dawa hutoa na masharti. Na masharti mtu huyauliza: ni yapi, mangapi, mpaka lini?

"Kujinyima" au "kupunguza mwili" ndiyo maana ya tatu.

Kwa hiyo mtoa huduma akikwambia "zingatia diet", una haki ya kumuuliza kwa heshima: "Daktari, unamaanisha nina masharti ya chakula? Nitajie." Swali hilo moja lingemsaidia yule mzee asikutwe chini ya mti.

Mlo kamili si lazima uwe wa gharama

Neno "balanced" linatokana na mizani. Hapa wengine hudhani kwamba kila chakula kiwe sawa kwa kipimo, au kwamba lazima kuwe na nyama. Sivyo. Mizani inayozungumzwa ni kati ya kinachoingia na mahitaji ya mwili.

Katika siku moja mwili unahitaji chakula cha kuupa nguvu, kama ugali, viazi, mihogo, ndizi au wali. Unahitaji chakula cha kuujenga, kama maharage, kunde, choroko, mbaazi, karanga, dagaa, mayai, maziwa au nyama. Unahitaji mboga za majani na mboga nyingine. Unahitaji matunda. Na unahitaji mafuta kidogo, ambayo huku kanda ya kati wengi tunayapata kwenye alizeti. Maji safi yasisahaulike.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba sehemu kubwa inatoka shambani au porini. Matembele, kisamvu, majani ya kunde, mlenda, maboga, ubuyu, maembe ya msimu. Familia inayokula ugali, maharage, mboga ya majani na papai imekula mlo kamili bila kwenda sokoni mjini.

Tahadhari moja kuhusu "uji wa lishe". Akina mama wengi husaga pamoja mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele, wakiamini kwamba kadiri nafaka zinavyokuwa nyingi ndivyo lishe inavyoongezeka. Lakini hizo zote ni nafaka, kundi moja. Ni sawa na kuwaita mafundi watano wa kuezeka paa bila kumwita wa kujenga ukuta. Chagua nafaka moja au mbili, kisha uji uupe kitu cha kujenga mwili: maziwa, yai lililopikwa vizuri, au karanga zilizosagwa. Chagua karanga na mahindi makavu yasiyo na ukungu, maana ukungu huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi ilisababisha ugonjwa na vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Na kumbuka kwamba mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji uji, bali maziwa ya mama peke yake.

Kisukari: masharti ni kupanga, si kuacha

Kwa mwenye kisukari, chakula na dawa hufanya kazi kama jembe na mpini. Kimoja bila kingine hakilimi.

Baadhi ya dawa za kisukari hushusha sukari hata kama hujala. Sindano ya insulini ni mojawapo. Vidonge vilivyoandikwa "glibenclamide" kwenye pakiti navyo ni hivyo. Ukimeza au kujidunga kisha ukakaa na njaa huku unalima, sukari inaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, moyo kwenda mbio, kichwa kuwa kizito, kuongea vitu visivyoeleweka, na hatimaye kuzimia. Dalili hizi majirani huzidhania pombe au mapepo, na muda unapotea.

Mtu akiwa katika hali hiyo na bado anaweza kumeza, mpe sukari vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya chai iliyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari. Subiri dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula, kisha afike kituo cha afya. Akiwa amezimia usimpe kitu chochote mdomoni, maana kitampalia. Mkimbize hospitali. Na asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, bali akaeleze kilichotokea ili dozi iangaliwe.

Sasa chakula chenyewe kipangwe vipi? Njia rahisi inayofundishwa ni ya sahani. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na mboga nyingine kama bamia, bilinganya au nyanya. Robo iwe ugali, wali au kiazi. Robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Tunda liliwe zima, kwa kiasi, badala ya kunywa juisi, kwa sababu glasi moja ya juisi hubeba sukari ya matunda kadhaa.

Wengine hupima kwa mkono wao: ugali ukubwa wa ngumi, kitoweo ukubwa wa kiganja, na mboga viganja viwili vilivyojaa. Hicho ni kipimo cha kuanzia. Anayelima kutwa na anayekaa dukani hawawezi kula sawa, hivyo kiasi chako kamili kipange na mtoa huduma wako.

Hapa kuna jambo ambalo vipeperushi vya hospitali huwa havilisemi. Nyumba nyingi kijijini tunakula kwenye sinia moja. Ugali uko katikati, kila mtu anamega. Mgonjwa atapimaje robo ya sahani yake? Na akitengewa pembeni, wengine hujisikia wametengwa kama wenye ugonjwa wa kuambukiza. Tulivyosikia kutoka kwa wasikilizaji wetu, familia zilizofanikiwa zilifanya hivi: mgonjwa anapakuliwa sahani yake lakini anakaa mkekani pamoja na wengine, na chakula ni kile kile. Ugali mmoja, mboga moja, maharage yale yale. Kinachobadilika ni kiasi. Wengine wameongeza mboga kwa nyumba nzima, na hilo halimdhuru mtu yeyote.

Na kuhusu ugali wa dona, mtama au uwele: ni kweli kwamba nafaka isiyokobolewa ina nyuzinyuzi nyingi na sukari yake huingia mwilini polepole kuliko ya sembe. Lakini bado ni wanga. Bonge kubwa la dona litapandisha sukari. Hakuna ugali ambao mwenye kisukari anaweza kula bila kipimo.

Presha: masharti yapo kwenye chumvi

Mwenye shinikizo la juu la damu akiambiwa azingatie diet, jambo la kwanza huwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni ya siku nzima, kwa jumla.

Hesabu chumvi inayojificha. Ipo kwenye viungo vya vipande vya mchuzi, kwenye samaki na dagaa waliokaushwa kwa chumvi, kwenye mkate, kwenye bisi na krispi za dukani. Hata magadi tunayoweka kwenye mlenda na makande ili vilainike yana sodiamu, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye chumvi na inayowapa shida watu wa presha. Dagaa waloweke na uwaoshe kabla ya kupika. Kopo la chumvi liondoke mezani. Ladha iletwe na limau, kitunguu, tangawizi, pilipili au karanga. Wiki mbili tatu za mwanzo chakula kitaonekana chapwa, kisha ulimi huzoea.

Dawa za presha nazo zinaendelea kumezwa. Kupunguza chumvi hakumpi mtu ruhusa ya kuziacha.

Mjamzito na anayenyonyesha: hapa diet ni kuongeza

Kama kuna mtu ambaye kuielewa diet kwa maana ya kujinyima kunaweza kumletea madhara makubwa, ni mama mjamzito. Akiambiwa kliniki "uwe na diet nzuri", anaambiwa aongeze ubora wa chakula: maharage, dagaa, mayai, maziwa, mboga za kijani, matunda. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi anavyopewa avimeze kama alivyoelekezwa. Chai na kahawa asinywe pamoja na chakula, kwa sababu hupunguza madini chuma yanayoingia mwilini. Tunda lenye uchachu, kama chungwa, husaidia yaingie.

Zipo familia ambako mjamzito bado anakatazwa mayai, kwa imani kwamba mtoto atazaliwa bila nywele au uzazi utakuwa mgumu. Tunawaheshimu bibi zetu, lakini yai lililoiva vizuri halifanyi hivyo. Ni kitoweo cha bei nafuu kinachomjenga mama na mtoto. Baba unayesoma makala hii, kuku wako wakitaga, mayai mawili matatu kwa wiki yabaki nyumbani kabla trei halijaenda gulioni.

Na anayenyonyesha asishawishike kuanza kujinyima ili "arudishe tumbo" mtoto akiwa bado mchanga. Mwili wake unatengeneza chakula cha mtu mwingine.

Diet ya kupunguza mwili

Si vibaya mtu mwenye uzito uliozidi kutaka kupungua. Uzito mkubwa huongeza uwezekano wa kisukari, presha na maumivu ya magoti. Lakini angalia njia.

Simu zetu siku hizi zimejaa matangazo ya chai, unga na vidonge vya kupunguza kilo 10 kwa wiki moja. Mwili hauyeyushi mafuta kwa kasi hiyo. Wataalamu wengi hushauri nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Chai inayokuharisha inakutoa maji, na mizani ikisoma pungufu umepungua maji. Ukinywa maji uzito unarudi, na usipokunywa unaweza kuugua. Kabla ya kununua kidonge chochote, muulize mfamasia kama kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Muuzaji akikukwepa swali hilo, funga pochi yako.

Njia inayodumu haina tangazo. Punguza sukari kwenye chai, soda, maandazi na mafuta ya kukaangia. Ongeza mboga. Tembea kwa miguu au fanya kazi ya mikono. Usiruke mlo kisha ukala mara mbili usiku.

Neno "diet" kwenye chupa

Ukiona soda imeandikwa "diet", maana yake imetiwa utamu usio sukari. Soda ya kawaida ya mililita 300 mara nyingi huwa na gramu 30 za sukari au zaidi, sawa na vijiko saba au nane vidogo vya chai. Ya "diet" haina.

Lakini isitafsiriwe kuwa dawa. Haiponyi kisukari wala haifidii chapati nne. Na mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka, kama tulivyoeleza juu, haitamsaidia hata kidogo, kwa sababu anachohitaji wakati huo ni sukari yenyewe. Kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, kila mtu, hata watoto, ajue kuitofautisha chupa hiyo na ya kawaida.

Maswali matano ya kuondoka nayo

Siku ukiambiwa "zingatia diet", usitoke kwenye chumba cha daktari kabla hujauliza haya:

1. Nipunguze chakula gani, na kwa kiasi gani? Omba uonyeshwe kwa mkono, kijiko au sahani.

2. Niongeze chakula gani?

3. Nile mara ngapi kwa siku, na dawa nimeze kabla au baada ya kula?

4. Nikikosa chakula siku hiyo, dawa nifanyeje?

5. Masharti haya ni ya muda gani, na nirudi lini?

Mtajie chakula mnachopika nyumbani. Ukiambiwa ule kitu ambacho hakipatikani kijijini kwenu au huwezi kukinunua, sema hapo hapo, upewe mbadala. Kama foleni ni ndefu na daktari hana muda, uliza kama kuna mtaalamu wa lishe. Kila halmashauri inatakiwa kuwa na afisa lishe, na mhudumu wa afya wa jamii kijijini kwako anaweza kukuelekeza namna ya kumpata.

Kama unaweza, nenda na anayepika nyumbani. Masharti ya chakula yanatekelezwa jikoni, na mara nyingi anayeandika cheti, anayemeza dawa na anayesonga ugali ni watu watatu tofauti.

Na ninyi watoa huduma mnaotusikiliza, tunawaomba jambo moja. Mkimaliza kusema "diet", ongezeni sentensi moja ya Kiswahili: ale nini, kiasi gani, saa ngapi. Haitachukua dakika mbili.

Una neno jingine la Kiingereza unaloambiwa hospitali, dukani au ofisini na hulielewi? Tutumie ujumbe kama kawaida, tutalifafanua hewani na hapa kwenye ukurasa wetu.